Nani Alikutengenezea?

Mhadhiri wa chuo kikuu siku hizi hapimwi kwa kufundisha peke yake. Ana makala mangapi kwenye majarida? Wangapi wameyanukuu? Mwaka 1964 Eugene Garfield alianza kuchapa faharasa ya nani kamnukuu nani katika sayansi. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akazifunga hesabu hizo mbili pamoja: ukiwa na makala kumi, na kila makala yamenukuliwa angalau mara kumi, alama yako ni 10. Cheo na fedha za utafiti mara nyingi hupitia mlango huo.

Mimi ni mtu wa Kitale, na khocha wangu ni mhunzi upande wa Bungoma. Ndiyo maana nimezifuatilia hesabu hizi katika fani moja tu: mekanika ya vifaa, yaani elimu ya jinsi chuma, mbao, kioo na zege vinavyobeba mzigo, vinavyopinda na vinavyovunjika.

Tuanze na A. A. Griffith, mhandisi wa mambo ya ndege kule Farnborough, Uingereza. Mwaka 1921 alichapisha makala kuhusu kuvunjika kwa kioo. Aliuliza: mbona kioo huvunjika kwa nguvu ndogo sana kuliko ile inayotarajiwa kwa hesabu? Jibu lake lilikuwa nyufa ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Kwa miaka mingi wahandisi wa chuma hawakuona kama jambo hilo linawahusu. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na meli za Marekani zilizounganishwa kwa kuchomelewa zikaanza kupasuka, nyingine zikikatika vipande viwili. Miaka ya 1950 George Irwin aliichukua hoja ya Griffith akaipanua hadi kwenye metali. Leo huwezi kusoma habari za ufa bila kukutana na Griffith. Sasa, angepimwa kwa manukuu ya miaka mitano ya kwanza, angepewa alama gani?

Huku kwetu hadithi ina sura nyingine. Mwaka 1978 jarida la Science lilichapisha makala ya Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu Wahaya wa magharibi ya Ziwa Viktoria, Tanzania. Walieleza kwamba miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita watu wa eneo hilo walikuwa wakitengeneza chuma cha pua katika tanuru za kuvukutwa, hewa ikipata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine walilipinga hilo la hewa, na ubishi ukaendelea. Hapo kuna jambo la kuchekesha: anayekunukuu kukusifu na anayekunukuu kukupinga, wote wanahesabiwa moja moja. Lakini tanuru ya majaribio ilijengwa na wazee wa Kihaya, kwa kumbukumbu za kazi iliyokuwa imekoma miaka mingi. Kwenye mstari wa waandishi, majina ni mawili tu.

Ati haikuwezekana? Ilishawezekana. Mwaka 1969 Erasto Mpemba, aliyegundua akiwa mwanafunzi kwamba maziwa moto ya aiskrimu yanaweza kuganda kabla ya yale baridi, alichapisha makala pamoja na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam. Jina la Mpemba lilitangulia.

Fuawe ya khocha ni kipande cha reli. Panga zake anazitoa kwenye springi za lori. Anachoma chuma mpaka kiwe rangi anayoitaka, anakizamisha kwenye oili chafu ya injini, kisha anakirudisha motoni kidogo. Ukimuuliza kwa nini si maji, anakwambia maji yana hasira: chuma kitakuwa kigumu, ndiyo, lakini kitapasuka. Hiyo nayo ni elimu ya ufa, bila hesabu. Naye ana manukuu yake. Sokoni Kimilili mkulima akiona panga inakata vizuri, humuuliza mwenzake, "Nani alikutengenezea?" Jina likitajwa, mteja anakuja. Likiacha kutajwa, mhunzi analala njaa. Na tofauti na kule chuoni, hakuna anayeweza kujitaja mwenyewe akaongeza alama.

Ila faharasa hiyo iko midomoni, na macho ya khocha yameanza kuingia ukungu. Rangi ya chuma husomwa kwa macho. Wanawe wako Nairobi, na hakuna kijana anayevukuta karibu naye. Wanafunzi wa uhandisi wapo, na mashine za kupima ugumu wa chuma zipo. Waje wapime panga zake wakati bado anaiona rangi. Na wakishaandika makala yao, wafanye kama Osborne: jina la mzee likae pale juu, pamoja na yao.