Nani Anaikagua Akili Mnemba? Hoja Kutoka Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Utangulizi

Mjadala wa akili mnemba nchini Tanzania umetawaliwa na sauti za mijini: wataalamu wa kompyuta, watunga sera na wafanyabiashara wa mitandao. Mwananchi wa kijijini hutajwa humo kama mtu wa kuelimishwa, aondolewe hofu, afundishwe matumizi. Makala hii inapinga mtazamo huo. Watu wa Kahama, Msalala, Nyang'hwale, Bukombe na Geita wameishi kwa muda mrefu chini ya hukumu za vyombo ambavyo hawawezi kuona ndani yake: mizani ya mnunuzi wa dhahabu, maabara ya mgodi mkubwa, ramli ya mganga, na sasa simu inayoamua nani akopeshwe. Katika maisha hayo kuna kigezo ambacho wasomi wa teknolojia wanapaswa kukiazima. Kigezo chenyewe ni maswali mawili: chombo hiki kinakaguliwa na nani, na kikikosea ataumia nani?

Mizani na makontena

Mchimbaji mdogo anayetoka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, na mgawo wake wa mifuko ya mawe hajui amebeba nini mpaka mawe yasagwe kwenye karasha, yaoshwe, yakamatwe na zebaki na kuchomwa. Hata akishika kipande mkononi, thamani yake hutegemea uzito na usafi. Kabla ya kuwapo kwa masoko rasmi, mara nyingi vyote viwili vilipimwa na mnunuzi mwenyewe, kwa mizani yake, ndani ya kibanda chake.

Soko la dhahabu lililofunguliwa Geita Machi 2019, la kwanza la aina yake nchini, lilivunja mpangilio huo. Dhahabu hupimwa mbele ya maofisa wa Tume ya Madini, usafi wake husomwa kwa mashine ya mionzi, na bei elekezi hufuata soko la dunia. Mwaka huohuo Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, wakapata sababu ya kuuza hadharani. Mchimbaji haelewi mionzi inavyosoma usafi wa dhahabu, kama ambavyo haelewi programu inavyofanya hesabu zake. Kinachoipa mashine ile heshima ni kwamba anayeisoma si mnunuzi, na kwamba inatumika mbele ya watu.

Swali hilohilo la nani anapima lilipata ukubwa wa kitaifa mwaka 2017. Machi mwaka huo Rais John Magufuli alizuia usafirishaji nje wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, migodi miwili ya Mkoa wa Shinyanga. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilichunguza makontena 277 yaliyozuiliwa Dar es Salaam, na mwezi Mei ikaripoti kiasi cha dhahabu kilichozidi mno kile kilichotangazwa. Juni ikafuata kamati ya Profesa Nehemiah Osoro na hesabu za kiuchumi. Kampuni ya Acacia, iliyomiliki migodi hiyo, ilizikataa takwimu hizo. Mgogoro ulimalizika baada ya kampuni ya Barrick kuichukua Acacia mwaka 2019: ikaundwa kampuni ya Twiga, ambayo Serikali ina hisa za asilimia 16, na yakaafikiwa malipo ya dola milioni 300 kwa Serikali.

Takwimu za kila upande bado zinaweza kubishaniwa. Somo la ukaguzi, hata hivyo, liko wazi. Tanzania haikukosa mkaguzi: Wakala wa Ukaguzi wa Madini ulikuwapo tangu 2009. Ubishi ulipozuka, Serikali yenyewe haikuridhika na vipimo vya wakala wake, ikaunda kamati mpya, kisha ikauvunja wakala. Kwa hiyo haitoshi mkaguzi kuwapo. Lazima awe na uwezo wa kupima mwenyewe, na kazi yake iaminike kabla mgogoro haujafika. Taifa linalonunua mifumo ya akili mnemba kutoka nje huku likitegemea maelezo ya muuzaji kuhusu ubora wake linarudi mahali pale pale.

Ramli na macho mekundu

Upande wa pili wa historia ya ukanda huu ni mzito zaidi, na hauwezi kurukwa. Uchimbaji mdogo una bahati nasibu nyingi, na penye bahati nasibu ramli hupata wateja. Katika makala yao ya mwaka 2010, Deborah Bryceson, Jesper Jønsson na Richard Sherrington walionyesha jinsi mauaji ya watu wenye ualbino yalivyohusiana na waganga na wachimbaji waliotafuta utajiri. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Shinyanga. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli.

Kabla ya hapo, watafiti kama Simeon Mesaki walikuwa wameandika juu ya mauaji ya vikongwe wa Usukumani waliotuhumiwa uchawi. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, ilhali moshi wa jikoni, wa kuni na wa samadi, unatosha kuyafanya macho ya mwanamke aliyepika maisha yake yote yawe mekundu. Dalili ya nje ilichukuliwa kuwa uthibitisho wa jambo la ndani, na aliyehukumiwa hakuwa na mahali pa kukata rufaa.

Sisemi kwamba akili mnemba ni uchawi. Nasema kwamba mfumo unaosoma sura, sauti au mwenendo wa mtu, ukalinganisha na mifano iliyopita kisha ukamtangaza kuwa wa kutiliwa shaka, unatumia dalili kwa namna inayofanana na ile kiasi cha kutisha. Jamii iliyozika bibi zake kwa sababu ya dalili iliyosomwa vibaya ina haki kuliko jamii nyingi kudai uthibitisho kwanza. Shaka yake isiitwe ushamba.

Panya wa Morogoro

Msomaji anaweza kuhoji: je, tukatae kila tusichoweza kukieleza? Jibu liko Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu, ugonjwa unaowaandama wachimbaji kwa sababu ya vumbi la mawe na makazi ya kubanana. Panya mwingine wa shirika hilo, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kunusa na kubaini mabomu ya ardhini nchini Kambodia.

Panya hawezi kueleza kwa nini amesita juu ya sampuli fulani. Hata hivyo tunamtumia bila kujidanganya, kwa sababu hufanyiwa mtihani kabla ya kuanza kazi, na sampuli anayoitilia shaka huthibitishwa maabara kabla ya mgonjwa kuambiwa lolote. Uaminifu wake umejengwa na utaratibu unaomzunguka.

Programu ya Nuru, inayotumia akili mnemba kutambua batobato na michirizi ya kahawia kwenye mihogo, inapita katika mizani hiyo. Inafanya kazi bila intaneti, na mkulima anaweza kulitazama jani mwenyewe au kumwita bwana shamba. Ikikosea, kosa linaonekana na linasahihishika.

Simu inayokopesha

Mikopo ya simu ni habari nyingine. Tangu M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, mwenendo wa mtu kwenye simu umekuwa dhamana yake. Huduma hizi zimewafikia watu ambao benki haikuwahi kuwaona, na hilo ni jema. Lakini anayekataliwa haelezwi sababu. Kipato cha mchimbaji huja kwa mkupuo: miezi mikavu, kisha siku moja duara linatema. Mfumo uliozoeshwa kuona mshahara wa kila mwezi kuwa ndiyo dalili ya uaminifu utamsoma vibaya, na utamsoma vibaya zaidi mwanamke anayeponda mawe kwa malipo ya kutwa. Wakiachwa, wanaangukia mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokopesha bila leseni.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inampa mwananchi haki dhidi ya uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Haki hiyo haina uzito Katoro au Kakola ikiwa hakuna anayejua aipeleke wapi.

Hitimisho

Mizani ya duka la nyama Kahama haitumiki kihalali bila kukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mfumo unaopima uaminifu wa binadamu haustahili ukaguzi hafifu kuliko huo. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mfumo wowote unaoamua juu ya mkopo, ajira au tuhuma upimwe na chombo huru cha umma, kwa taarifa za watu wa mahali utakapotumika. Pili, anayehukumiwa apewe sababu kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma inapobidi, pamoja na ofisa mwenye mamlaka ya kutengua uamuzi. Tatu, hasara ya kosa ibebwe na mwenye mfumo.

Watasema ukaguzi utachelewesha maendeleo. Soko la Geita halikufa kwa kukaguliwa; ukaguzi ndio uliolipatia sababu ya kuwapo. Watafiti wa vyuo vyetu, nendeni kwenye maduara na mashamba mkiwa na daftari la kuuliza kabla ya kitabu cha kufundishia. Sera ya akili mnemba itakayoandikwa bila watu hawa itakuwa na kasoro ambayo wao wangeiona siku ya kwanza.