Kuta za Mahame

Lugha yetu ina maneno kadha ya kutaja mahali palipoachwa na watu. Nyumba iliyobaki kuta pasipo paa twaiita gofu. Mahali palipokuwa na mji, na sasa pamebaki dalili tu, twapaita ganjo. Na pale ambapo wenyeji walifunga mizigo yao wakaenda zao, twapaita mahame, kwa kuwa walihama. Maneno haya hayakuja bure. Pwani yetu, tangu visiwa vya Lamu hadi Kilwa, imejaa miji iliyokufa, na wazee wetu hawakuwa na budi kuitafutia majina. Hata mshairi Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, aliyatazama majumba ya Pate yaliyokwisha kuwa magofu, akayafanya kuwa somo kwa nafsi yake.

Mimi ni mwenyeji wa Matsangoni, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi. Kwetu si mbali na hori ya Mida wala na msitu wa Arabuko-Sokoke, na kijana mwenye baiskeli na miguu yenye nguvu aweza kuondoka alfajiri akafika Gede kabla jua halijawa kali. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilinunua kamera kuukuu kwa akiba yangu ndogo, na tangu hapo starehe yangu imekuwa kuyaendea majengo yaliyoachwa na kuyapiga picha. Wengine hunicheka. Huniuliza, “Mwalimu, arusi zipo, watoto wapo, mbona wawapiga picha popo?” Swali hilo ni la haki, na insha hii ni jibu langu.

Mji wa Gede uko yapata kilomita 16 kusini ya Malindi, ndani ya msitu, mbali kidogo na bahari. Magofu yake yameenea katika eneo la ekari 45 hivi. Sir John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, alifika hapo mwaka 1884. Kirk huyo alikuwa tabibu na mjuzi wa mimea, tena alikuwa mpenzi wa kupiga picha tangu safari yake na Livingstone katika mto Zambezi, iliyoanza mwaka 1858. Mwaka 1927 serikali iliyatangaza magofu hayo kuwa kumbukumbu ya kihistoria. Kazi kubwa ya kuyafukua ilianza mwaka 1948 chini ya James Kirkman, nayo ilichukua miaka kumi. Na mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuandika mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wakazi wa karibu wamepaheshimu mahali hapo tangu zamani, wakiamini kwamba roho za wazee wa kale zapalinda. Kirkman mwenyewe, mtu wa elimu na majembe, alikiri kwamba alipoanza kazi alihisi kuna kitu kimtazamacho kutoka nyuma ya kuta. Mimi sitabishana na yeyote kuhusu roho. Nasema tu kwamba mtu asimamaye peke yake mbele ya mlango wa jumba la mfalme, mibuyu ikiwa kimya na nyani wakimchungulia, hupunguza sauti yake pasipo kuambiwa.

Sasa yatupasa kuuliza: kuta hizi zatuambia nini? Maana mwanahistoria hatosheki na kustaajabu. Mji huu haukutuachia kitabu cha habari zake, kwa hiyo hatuna budi kuusoma katika mawe.

Tuanze na kaburi moja lililoandikwa mwaka wake. Ni mwaka 802 wa Hijriya, yaani 1399 wa Miladia. Kaburi hilo ni kama msumari uliopigwa ukutani: mambo mengine yote twaweza kuyatundika hapo. Vigae vilivyokutwa chini ya tabaka lake ni vya zamani zaidi, na vilivyokutwa juu yake ni vya baadaye. Kwa njia hiyo wachimbaji waliweza kupanga zamani za mji mzima, wakaona kwamba ulistawi sana katika karne ya 15.

Kisha tuziangalie nyumba. Vyumba ni virefu na vyembamba, utafikiri fundi alichukia nafasi. La, fundi hakuwa na chuki. Dari za mawe na chokaa zilishikwa na boriti za mikoko, na fundi hakuweza kuupita urefu wa boriti yake. Basi upana wa chumba cha tajiri uliamuliwa na mti uliokua katika matope ya hori. Katika nyumba nyingine mna ghala lisilo na mlango. Njia ya kuingilia ni kitundu kilicho juu ukutani. Mtu hajengi hivyo ila ana mali ya kuficha. Mali hiyo ilikuwa nini? Udongo umejibu: vyombo vya kauri kutoka China, shanga, vioo, na sarafu za nchi za mbali.

Majina ya wenye nyumba hizo yamepotea, ndipo wachimbaji wakaziita kwa vitu walivyovikuta ndani. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe na Nyumba ya Bakuli la Kauri. Kila nipitapo hapo huwaza: huyu mtu aliishi, akaoa, akazika watoto, akafanya biashara na dunia nzima, na leo twamjua kwa mkasi wake.

Juu ya mlango mmoja wa msikiti mkuu umechongwa mkuki mpana. Kirkman alipotoa kitabu chake mwaka 1954 aliuita huu mji wa Waarabu, kama walivyodhani wataalamu wengi wa siku zake. Uchunguzi uliofuata, hapa na katika miji mingine ya pwani, umeonyesha kwamba miji hii ilikua kutoka vijiji vya Waafrika wa pwani hii hii, ambao walipokea Uislamu, wakachanganyika na wageni kwa biashara na kwa ndoa, wakawa Waswahili. Somo hapa ni kwamba mawe hayakubadilika. Waliobadilika ni wasomaji.

Lakini kwa nini watu wa Gede walihama? Hapa wanafunzi hupenda jibu moja, na historia haipendi kulitoa. Mwaka 1589 Wazimba walikuja kutoka kusini wakipiga miji, wakafika mpaka Malindi, ndiko walikoshindwa. Muda si mrefu Malindi na washirika wake Wasegeju waliishinda Mombasa. Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu huko mwaka 1593, na mfalme wa Malindi akahamia Mombasa. Basi pwani ya Malindi ikapoteza mkuu wake na sehemu ya biashara yake. Baadaye Waoromo, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wagala, walishuka kutoka kaskazini, na miji mingi ya bara pwani ikaachwa. Tena kisima kimoja cha Gede kilichimbwa kikaongezwa kina, dalili kwamba maji yalikuwa yakishuka. Na ule ukuta wa ndani wa mji, ambao ni wa baadaye kuliko ukuta wa nje, wazunguka eneo dogo zaidi. Watu hawajengi ukuta mdogo ndani ya ukuta mkubwa ila wamekwisha kupungua. Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulikuwa umebaki mtupu. Haukufa kwa pigo moja; ulidhoofika kama mtu aliyeandamwa na maradhi mengi.

Kamera yangu hunisaidia kuyaona hayo, lakini pia hunidanganya. Jicho la kamera lapenda mawe. Kati ya majumba ya Gede pana nafasi wazi zionekanazo tupu katika picha, na hapo ndipo walipoishi watu wengi wa mji, katika nyumba za miti, udongo na makuti, ambazo mvua na mchwa walizimaliza zamani. Mtu akizitazama picha zangu aweza kudhani Gede ulikuwa mji wa matajiri watupu. Hivyo nimejifunza kuzipiga picha nafasi hizo pia, na kuandika chini yake: “Hapa palikuwa na watu.”

Magofu ya Gede yana lango, mlinzi na jumba dogo la makumbusho. Walakini yapo mengine madogo vichakani, yasiyo na mlinzi ila kumbukumbu ya wazee. Sasa nitasimulia kosa langu juu ya mojawapo, na mahali pake sitapataja.

Lilikuwa kaburi la kale katika shamba, limezungukwa na miiba. Katika lipu yake yalikuwa yamepachikwa mabakuli ya kauri, kama ilivyokuwa desturi ya pwani yetu. Mengi yalikuwa yamekwisha kuvunjika, lakini vilibaki vipande saba vya rangi ya samawati na nyeupe. Nilipiga picha moja kwa mbele, kwa kuwa jua lilikuwa zuri upande huo, nikaenda zangu. Juma lile niliwaonyesha wanafunzi wangu picha hiyo. Nikawaeleza jinsi chombo kilivyosafiri kutoka China, kikavuka bahari kwa pepo za kaskazi, kikaja kulipamba kaburi la mzee wetu. Nilisema kwa mapenzi makubwa. Nikaona macho yao yang’aa, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Jumatatu iliyofuata vijana wawili walikuja mezani pangu wakafungua kitambaa. Vipande vyote saba vilikuwamo. Walikuwa wamevibandua kwa kisu, wakaviosha vizuri, wakaniletea zawadi. Sikuweza kusema neno. Niliwachukua hadi kwa mzee mwenye shamba kuomba radhi, nikaanza kuwalaumu vijana mbele yake ili wapate fundisho. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, watoto hawa hawakuiba. Wamekuletea ulichokisifu.”

Neno hilo lilinikata maini, maana lilikuwa kweli. Niliwafundisha kupenda kitu. Sikuwafundisha kukiacha mahali pake. Tulijaribu kuyatambua matundu ya kila kipande kwa kuitazama picha. Picha yangu ilionyesha vipande vinne tu vya mbele. Vile vitatu vya ubavuni sikuvipiga, na vijana hawakukumbuka kipi kilitoka wapi. Kwa idhini ya mzee tulivikabidhi vyote kwa maofisa wa makumbusho pamoja na picha. Vile vinne vina historia. Vile vitatu ni vigae vizuri tu, kwa sababu kitu cha kale kikiondolewa mahali pake pasipo kuandikwa hupoteza ulimi wake. Kama Kirkman angalipewa vigae vya Gede ndani ya gunia, lile kaburi la mwaka 1399 lisingalimfaa kwa lolote.

Tangu siku hiyo najiwekea masharti, nami nawapa ninyi wasomaji wangu. Kwanza, mwombe ruhusa mwenye shamba au mzee wa mahali. Hakuna gofu lisilo na mwenyewe. Pili, usipande ukuta wala usibandue kitu, hata kama kimekwisha kuanguka. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yavilinda vitu vya kale, lakini sheria haiwezi kusimama katika kila kichaka, wewe waweza. Tatu, piga picha pande zote nne, si ule wenye jua zuri tu, na uweke fimbo yenye kipimo kando ya ukuta ili ukubwa wake ujulikane. Nne, andika siku hiyo hiyo: tarehe, mahali, upande uliosimama, na maneno ya aliyekueleza habari. Picha isiyoandikwa itakuwa nayo mahame baada ya miaka ishirini.

Haya si mambo ya anasa. Jiwe la tumbawe ni laini; mizizi huliingia, chumvi hulila, na mwenye haja ya mawe ya kujengea hulichukua pasipo ubaya moyoni. Zipo kuta nilizozipiga picha nikiwa kijana ambazo leo sizioni tena ila katika daftari langu. Siwezi kuzisimamisha. Naweza kusema zilikuwa wapi, zilikuwa na urefu gani, na vidaka vingapi.

Wale vijana wawili wamekwisha kumaliza shule. Mmoja hunijia wakati wa likizo, nasi huondoka pamoja alfajiri, yeye akibeba fimbo ya kupimia. Mwaka jana tulipita kulizuru lile kaburi. Matundu saba yangali yaonekana katika lipu. Alisimama kitambo akiyatazama, kisha akaniomba kamera, akaanza kupiga picha upande wa ubavuni.