Pangusa Ilienda Wapi?

Muulize kijana yeyote wa Nairobi akutajie magonjwa ya zinaa. Ataanza na Ukimwi, aje gono, labda kaswende. Pangusa hataitaja. Mimi nilikutana na neno hilo kwenye kitabu kikuukuu cha afya nikadhani ni kosa la chapa, maana si kupangusa ni kazi ya meza?

Kumbe miaka arobaini na kitu iliyopita, hiyo ndiyo ilikuwa stori kubwa kwenye kliniki za huu mji. Pangusa ni vidonda vya sehemu za siri vinavyoletwa na bakteria. Kidonda cha kwanza cha kaswende kwa kawaida hakiumi, ndiyo maana watu hukipuuza. Cha pangusa kinauma kweli kweli, na mitoki inaweza kuvimba kinenani hadi ipasuke.

Mwaka wa 1980, Herbert Nsanze wa Chuo Kikuu cha Nairobi alianza kushirikiana na Allan Ronald, daktari kutoka Winnipeg, Kanada, ambaye alikuwa ameshakutana na mlipuko wa ugonjwa huo huo kwao. Walitaka kujua dawa gani inafanya kazi na vidonda vinatoka wapi. Njia ikawafikisha Majengo, Pumwani, kwa wanawake waliokuwa wakiuza ngono.

Majengo hapo si mtaa wa juzi. Wakoloni walianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika mji waliotaka uwe wa vibarua wa kiume tu: fanya kazi, rudi kwenu. Mwanahistoria Luise White ameonyesha jinsi wanawake waliojiita malaya walivyotumia pesa za kazi hiyo kujenga nyumba na kuwa wenye nyumba wa kwanza kwanza wa Nairobi. Ukisikia mtu akilitumia hilo neno kama tusi, kumbuka kuna babu wengi waliokuwa wapangaji wao.

Basi mwaka wa 1985 damu ikapimwa virusi vya Ukimwi. Kati ya wanawake 64 wa kipato cha chini, asilimia 66 walikuwa navyo. Hiyo ni wakati ambapo Wakenya wengi bado waliona Ukimwi ni ugonjwa wa Wazungu huko mbali. Kuanzia hapo kidonda kikaanza kutazamwa kwa jicho lingine. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1989, uliofuatilia wanaume walioambukizwa magonjwa ya zinaa na makahaba wa Nairobi, uliona kwamba wenye vidonda, na wasiotahiriwa, ndio walioambukizwa virusi zaidi. Kidonda ni mlango. Leo ukiambiwa kliniki kwamba kutibu magonjwa ya zinaa mapema ni kujikinga na Ukimwi pia, sehemu ya ushahidi huo ilitoka Nairobi.

Dunia ilipenda zaidi stori ya wale wanawake wachache ambao miaka ilipita na hawakuambukizwa. Mimi namkubali zaidi Elizabeth Ngugi. Alikuwa muuguzi. Aliitisha mabaraza mtaani, akaongea nao kama watu wazima wenye kazi na watoto, wakafundishana wenyewe, na matumizi ya kondomu yakapanda. Dawa nazo zikawa bora, na wauguzi wakaanza kutibu kwa dalili siku ile ile badala ya kungoja majibu ya maabara. Pangusa hutegemea mnyororo wa wapenzi wengi. Mnyororo ulipokatika, ikaisha nguvu. Kufikia miaka ya 2000 ilikuwa imekuwa nadra Nairobi.

Aibu yenyewe haikuenda popote. Beshte yangu alienda kituo kimoja cha afya mwaka jana akiwashwa, na mhudumu akamuuliza mbele ya foleni nzima, "Na hii umeitoa wapi?" Alikuwa na fangasi. Fangasi unaweza kuipata baada ya kumeza antibiotiki, bila kulala na mtu. Lakini alitoka bila kutibiwa, akaenda kununua vidonge vya kubahatisha.

Hapo ndipo mimi huogopa. Gono ilishaizoea penisilini, ikazoea na siprofloksasini, na sasa tegemeo letu kubwa ni sindano ya seftriaksoni. Mbaya zaidi, gono na klamidia kwa wanawake mara nyingi hazina dalili, kwa hivyo kutibu kwa dalili hakuwafikii, huku mirija ya uzazi ikiweza kuharibika kimya kimya. Kipimo kipo, ila lazima mtu aweze kukiomba bila kuhojiwa kama mshukiwa.

Frank Plummer, Mkanada aliyeongoza utafiti wa Majengo kwa miaka mingi, alifariki Februari 2020 akiwa hapa Kenya, alikokuja kwa maadhimisho ya miaka 40 ya ushirikiano ule. Magazeti yalimwandika vizuri, na alistahili. Wanawake wa Majengo wako kwenye makala za kisayansi kwa namba, maana siri ya mgonjwa ni siri. Wengine sasa ni nyanya za watu, pale pale Pumwani.