Maarifa Yaliyofungiwa Kifuani

James McKinsey, mwalimu wa hesabu za biashara katika Chuo Kikuu cha Chicago, alipofungua ofisi yake ya ushauri mwaka 1926, hakuwa na bidhaa ya kupanga dukani wala shehena ya kupakua gatini. Rasilimali yake yote ilikuwa kichwani, na matajiri wa viwanda walimwendea kama wagonjwa wamwendeavyo tabibu. Marvin Bower, mwanasheria aliyejiunga naye mwaka 1933 na baadaye kuiongoza ofisi hiyo, aliitia adabu za uwakili: siri ya mteja ni amana. Kutoka kwa mawakili hao hao wa Marekani washauri walirithi na desturi nyingine, kali kuliko hiyo, kwamba kijana ama apande daraja kwa wakati wake ama afungashe virago. Kila desturi ilikuwa na udhuru wake. Zilipokutana zikajenga ukuta kati ya maarifa ya mshauri mmoja na wenzake, ambao, nadhani, hakuna aliyeukusudia.

Ukuta huo ulidhihirika pale kampuni moja kubwa ya ushauri iliponunua kwa maelfu programu ya Notes, iliyotolewa na kampuni ya Lotus mwaka 1989, ili wafanyakazi wa miji mbalimbali waweke maarifa yao katika ghala moja. Wanda Orlikowski, mtaalamu wa chuo cha MIT, aliyeandika habari zake mwaka 1992 pasipo kuitaja kampuni hiyo kwa jina lake, aliwakuta wengi wakiitumia programu ile kama barua tu, au wasiitumie kabisa. Sababu haikuwa uzito wa akili. Kila saa ya mshauri sharti iandikwe katika daftari na ilipiwe na mteja fulani. Sasa, saa ya kujifunza Notes, au ya kumwandikia mwenzake asiyemjua funzo alilolipata kwa jasho, ataiandika kwa jina la nani? Na huyo mwenzake ndiye anayeshindana naye daraja. Tusiharakishe kumwita bahili mtu ambaye riziki yake imefungamana na kile akijuacho peke yake.

Wabia wakuu, ambao vyeo vyao vilikwisha kuthibiti, hawakuwa na hofu hiyo ya kushindana. Nao mafundi wa kompyuta wa kampuni ile ile, ambao saa zao hazikudaiwa kwa mteja yeyote wala hawakuwekewa sharti la kupanda au kuondoka, waliandikiana humo maswali na majibu bila kinyongo.