Danjūrō wa Kwanza: Jina Lililomshinda Muuaji

Mwaka 1704, katika ukumbi wa Ichimura-za mjini Edo, ndio Tokyo ya leo, Ichikawa Danjūrō alichomwa kisu na mwigizaji mwenziwe, Ikushima Hanroku, akafa. Wasimulizi hawakubaliani juu ya chanzo cha uhasama huo.

Danjūrō alizaliwa mwaka 1660. Kabuki, mchezo wa kuigiza wa Kijapani, ilikuwa imekwisha kutiwa mkono na serikali mara mbili: wanawake walikatazwa jukwaa mwaka 1629, na vijana wa kiume mwaka 1652. Wakabaki wanaume watu wazima, ambao hawakuweza tena kutegemea uzuri wa sura. Yasimuliwa kwamba mwaka 1673 Danjūrō alitokea uso umepakwa rangi nyekundu na nyeusi, akamwigiza shujaa Kintoki kwa vishindo na ngurumo. Mtindo huo uliitwa aragoto, yaani uigizaji wa ukali. Watu wa Edo, mji wa askari, waliupenda mno. Wa Kyoto, alikokwenda baadaye, hawakuuchangamkia sana.

Wengi humkumbuka kwa ngurumo hizo tu, jambo ambalo kwetu si haki. Mtu huyu alitunga tamthilia kwa jina la Mimasuya Hyōgo. Tena alikuwa mcha dini: yasemekana kwamba alimwomba Fudō, mlinzi wa imani ya Kibuda, katika hekalu la Narita, ampatie mtoto. Mtoto huyo, aliyezaliwa mwaka 1688, ndiye aliyerithi jina mwaka uleule wa mauaji, akawa Danjūrō wa pili. Wa kumi na tatu alilitwaa mwaka 2022.