Kosa na Shaka: Historia ya Takwimu za Majaribio katika Busia na Tororo

Makala hii inahusu maneno mawili ambayo mjadala wa sayansi kwa Kiswahili huyachanganya mara kwa mara: kosa na shaka. Kosa hutendwa na mtu, nalo husahihishwa. Shaka limo ndani ya kipimo chenyewe. Mtafiti aliye makini hawezi kuliondoa, ila anaweza kulipima na kulitangaza. Historia ya jaribio la dawa za minyoo wilayani Busia, Kenya, inaonyesha gharama ya kutoyatenganisha.

Jaribio hilo lilianza mwaka 1998 katika tarafa za Budalangi na Funyula, likiendeshwa na shirika la Kiholanzi la ICS kwa ushirikiano na Wizara ya Afya. Shule za msingi 75, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ziligawanywa katika makundi matatu. Mgawanyo haukufanywa kwa kupiga kura: shule ziliorodheshwa kialfabeti ndani ya kila kanda, kisha kila ya tatu ikatiwa katika kundi lake. Kundi la kwanza lilipata dawa tangu 1998, la pili tangu 1999, na la tatu lilisubiri hadi 2001. Tatizo lenyewe halikuwa dogo. Katika vipimo vya awali, asilimia 92 ya wanafunzi waliopimwa walikuwa na aina moja au zaidi ya minyoo au kichocho.

Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo katika jarida la Econometrica mwaka 2004. Walieleza kwamba utoro ulipungua kwa robo au zaidi, na kwamba manufaa yaliwafikia hata watoto wasiomeza dawa, wakiwemo wa shule jirani, kwa kuwa mayai ya minyoo yalipungua udongoni na majini. Waliandika pia kwamba hawakuona ongezeko la alama za mitihani. Sentensi hiyo aghalabu husahauliwa majukwaani. Kenya ilianza kugawa dawa shuleni kitaifa mwaka 2009, na mpango ukazinduliwa upya mwaka 2012.

Mwaka 2015 data ileile, iliyotolewa na waandishi wenyewe, ilichambuliwa upya na Alexander Aiken, Calum Davey na wenzao wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine. Walikuta tarakimu zilizokadirishwa vibaya, lebo zisizolingana na vigeu, na kosa moja zito katika programu ya kompyuta. Programu hiyo ilipaswa kuhesabu shule zote zilizo ndani ya umbali fulani wa kila shule, lakini ilihesabu 12 zilizo karibu zaidi tu. Hilo ni kosa kwa maana kamili ya neno, na waandishi walilikiri.

Lakini tutazame kilichotokea baada ya kulisahihisha. Kupungua kwa maambukizi na kwa utoro katika shule zilizotibiwa kulibaki. Manufaa kwa shule zilizo ndani ya kilomita 3 nayo hayakutoweka. Makadirio ya umbali wa kilomita 3 hadi 6 ndiyo yaliyoyumba, kiasi kwamba jumla yoyote iliyoyajumuisha haikuweza tena kutofautishwa na sifuri. Kosa lilipoondoka, shaka liliongezeka. Tena Davey na wenzake walipoichambua miaka miwili mmojammoja, ushahidi kuhusu mahudhurio ulidhoofika. Ulipounganishwa, ulipata nguvu. Wanauchumi walisema kutenganisha ni kutupa taarifa. Wanaepidemiolojia walijibu kwamba kuunganisha huchanganya athari ya dawa na mabadiliko ya mwaka. Hapo hakuna aliyekosea hesabu, ila data moja ilisomwa kwa njia mbili. Baadhi ya magazeti ya Ulaya, hata hivyo, yaliripoti kana kwamba utafiti mzima umebomoka.

Kiswahili kingeweza kulieleza jambo hili vizuri kuliko magazeti hayo, kwani ukanushi wetu una nafasi ya kutosha: “haijathibitika kwamba athari ipo” si sawa na “imethibitika kwamba athari haipo”. Tatizo ni kwamba katika muhtasari wa sera zote mbili hufupishwa kuwa “hakuna athari”. Istilahi nazo hazisaidii. Mwalimu wa Budalangi akikuta “kosa sanifu” katika jedwali atauliza, kwa haki, ni nani aliyekosea. Napendekeza “shaka sanifu”, hata kama wanatakwimu watanung’unika.

Upande wa Tororo kasoro ni ya namna nyingine. Wastani wa 562 unaonyesha mara ambazo mtu mmoja huumwa kwa mwaka na mbu wenye vimelea vya malaria. Ulichapishwa mwaka 2006. Mwaka 2015 utafiti wa Nagongera, katika wilaya hiyohiyo, ulitoa 310. Anayeziweka tarakimu hizi sambamba katika mchoro wa nguzo anamshawishi msomaji kwamba malaria ilipungua karibu nusu, ilhali vipimo havikuchukuliwa mahali pamoja. Aidha, wastani wa wilaya hausemi lolote kuhusu nyumba iliyo kando ya kinamasi ikilinganishwa na ile ya kilimani. Kwa mshauri anayepanga unyunyiziaji wa dawa majumbani, tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Limebaki suala la mpaka, ambalo mjadala wa 2015 uliligusa kidogo mno. Shule zote 75 zilikuwa Kenya. Funyula inapakana na Uganda, na duara la kilomita 6 likichorwa kuzunguka shule iliyo karibu na mto Sio, sehemu yake huangukia ng’ambo. Watoto wa huko hawakumo katika hesabu, wala kama waliotibiwa wala kama wasiotibiwa. Jedwali linalowaacha nje lingepaswa kusema hivyo chini yake, kwa sentensi moja, katika lugha inayosomeka kwenye kingo zote mbili za mto.