Homa Iliyoua Huku Isiue Kule

Leo tunajiuliza: kwa nini ugonjwa mmoja wa njia ya hewa huua watu wengi nchi moja, na nchi jirani usiue hata mmoja?

Mwaka 1918 homa kali ya mafua ilienea karibu dunia nzima. Hata Mombasa iliingia kwa meli, ikapanda bara kwa reli. Lakini somo lililo wazi zaidi linatoka visiwa vya Samoa, katika bahari ya Pasifiki. Wasamoa ni watu wa asili moja na lugha moja. Wakati huo upande wa magharibi ulitawaliwa na New Zealand, na wa mashariki na Marekani.

Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune ilitia nanga Apia, Samoa Magharibi, ikitoka Auckland ambako homa ilikuwa imeshapamba moto. Ilibeba wagonjwa, lakini abiria waliruhusiwa kushuka. Takriban watu 8,500 walikufa, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Wengi walipata nimonia. Tena, nyumba nzima ikiugua pamoja, nani atateka maji? Nani atapika? Samoa ya Marekani ilijitolea kuleta msaada wa matibabu, lakini mtawala, Kanali Robert Logan, hakuupokea.

Kule mashariki, Gavana John Poyer alipopata habari aliweka meli karantini. Wanavijiji nao walilinda fuo ili mashua za ng'ambo zisitue. Hakufa hata mtu mmoja.

Tofauti, msikilizaji, haikuwa damu wala hali ya hewa. Ilikuwa habari kufika mapema, viongozi kuchukua hatua, na wananchi kushirikiana. Mwaka 2002 Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba Wasamoa radhi.

Nasi tufanyeje? Ukiwa na homa na kikohozi, usiende kwenye mikusanyiko. Funika mdomo unapokohoa, na unawe mikono kwa sabuni. Mtoto akipumua haraka haraka, au kifua kikibonyea ndani, usingoje kesho, mpeleke zahanati. Na nyumba ya jirani wakiugua wote, wapelekee maji na chakula mlangoni.

Hadi kipindi kijacho, kumbuka: kinga ni bora kuliko tiba. Kwaheri.